Mturuki Hakumleta Vitéz László

Kila nikimaliza kuchezesha vikaragosi hapa Weston, hakosi mzee mmoja wa kwetu wa kunishika mkono: "Mwanangu, kikaragosi huyu wa Wahungaria si Karagöz wa Waturuki? Hata neno kikaragosi limetoka huko." Shikamoo mzee. Leo naandika, nisiulizwe tena.

Neno, sawa: limetoka kwa Karagöz, likapitia Kiarabu. Lakini neno husafiri bila mzigo. Karagöz ni kikaragosi cha kivuli: umbo bapa la ngozi ya ngamia, limekwanguliwa hadi mwanga ukapenya, huchezeshwa kwa vijiti nyuma ya shuka jeupe. Vitéz László, yule wa Budapest mwenye kofia nyekundu, ana kichwa cha mbao na kanzu tupu ya kuvaliwa mkononi, na huwatwanga mashetani kwa kikaango. Taa ya nini hapo? Tena aragoz wa Misri, mwenye jina hilohilo la Karagöz, naye ni wa kuvaa mkononi! Jina moja, vyombo viwili.

"Lakini Waturuki walitawala Buda, 1541 hadi 1686." Najua. Wareno nao walikaa Mombasa karibu karne nzima wakatuachia meza na karata. Nani amekuonyesha kikaragosi cha Kireno pale Fort Jesus?

Ndugu zake László ni wachekeshaji Kasperl na Hanswurst wa Vienna, na nyuma yao Pulcinella wa Napoli. Walitembezwa na wachezaji wa magulioni. Wahungaria wakapata wa kwao, Paprika Jancsi, kisha ukoo wa wachezaji vikaragosi wa Kemény ukamkuza László. Henrik Kemény (1925–2011) alizeeka naye mkononi. Nao vikaragosi wa sanduku la Krismasi la kuigiza kuzaliwa kwa Yesu, wanaochezeshwa kwa vijiti vijijini kaskazini-mashariki mwa Hungaria, ni jamaa wa masanduku ya aina hiyo, szopka ya Poland na vertep ya Ukraine. Istanbul haimo.

Basi ukikutana na kikaragosi, usianze na jina. Tazama mkono: kimevaliwa, kina vijiti, kina nyuzi, au ni kivuli? Kisha uliza nani alimfundisha mchezaji. The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi cha mchora vibonzo Gado kilichoanza Kenya 2009, kilifuata kipindi cha Les Guignols cha Ufaransa, na Guignol ni kikaragosi cha Lyon. Nasaba hiyo haihitaji kubahatisha. Wenye watoto, tengenezeni chenu: soksi kuukuu kwa mwili, vipande vya gazeti na uji wa unga kwa kichwa, usiku mmoja kikauke. Kikaango kiwe cha kadibodi. Cha jikoni kinauma.