Nyaturu, garimoshi la nchi kame

Wajukuu wangu hapa Buswelu wakiona picha ya garimoshi huhesabu mabehewa. Mimi hutazama magurudumu. Marehemu baba alikuwa mtunza moto katika njia ya Tabora hadi Mwanza, na ndiye aliyenifundisha.

Mwaka 1925 kiwanda cha Lima, jimbo la Ohio, Marekani, kiliunda garimoshi la mizigo lenye magurudumu mawili mbele, manane ya kuvuta katikati na manne nyuma. Yale manne ndiyo siri yake. Yanabeba tanuri kubwa, na tanuri kubwa hutoa mvuke mwingi, kwa hiyo mzigo mzito hupanda mlima bila nguvu kuisha. Likaitwa Berkshire, kwa jina la vilima vya Massachusetts.

Mpangilio huohuo ulifika kwetu miaka ya 1955 na 1956, katika daraja la 30 la Reli ya Afrika Mashariki, lililoundwa na North British, Glasgow. Reli yetu ilikuwa na upana wa mita moja tu, hivyo lilikuwa jepesi kuliko la Marekani. Liliwaka kwa mafuta mazito, si makaa ya mawe. Behewa lake la maji lilikuwa kubwa kwa makusudi: nyika ya kati ina ukame, na garimoshi bila maji halisogei, hata pamba ikijaa stesheni.

Magarimoshi ya daraja hilo yalipewa majina ya makabila yetu. Namba 3020, Nyaturu, lenye jina la watu wa Singida, limehifadhiwa Makumbusho ya Reli, Nairobi. Nendeni mkalione.