Mfuniko wa mashua ukikwama, usikimbilie randa

Katika mashua nyingi za zamani za matanga, mlango wa kushukia chumbani hufunikwa kwa mfuniko wa mbao unaoteleza juu ya reli mbili. Ukianza kukwaruza au kukwama, wenye mashua wengi huita fundi aupunguze kwa randa. Hiyo ni gharama, na mara nyingi si dawa.

Mbao hunywa unyevu ikavimba kwa upana, kisha husinyaa ikikauka. Mfuniko uliorandwa wakati wa masika utalegea kiangazi, ugonge kila wimbi linapopiga na kuingiza maji. Kwa mfanyabiashara aliyepakia unga au sukari, hiyo ni hasara. Nao unaokwama huziba njia ya kutokea wakati wa hatari.

Ni vyema kuanza na kazi ya bei nafuu. Mfuniko uvuliwe, reli zisuguliwe kwa brashi na maji yasiyo na chumvi ili mchanga na chumvi vitoke, kisha zikaushwe. Skurubu zilizochomoza zikazwe. Reli zipakwe chaki, mfuniko urudishwe na kusukumwa mara chache. Chaki itahamia pale panapogusa. Hapo tu papigwe msasa, na mbao iliyobaki wazi ipakwe vanishi, la sivyo itavimba tena.

Mwisho, reli zipakwe nta ya mshumaa. Grisi haifai, kwani hunasa mchanga, na mchanga ndio unaokula reli.