Riwaya za Ajabu na Uteuzi wa Kitabu Kifuatacho: Mfano wa Msomaji wa Mwanda, Taita

Utangulizi

Katika mijadala kuhusu riwaya ya Kiswahili, swali linaloulizwa mara kwa mara ni lile la mafunzo: kitabu kinafundisha nini? Swali la jinsi kitabu kinavyoburudisha, na la mahali anapopaswa kwenda msomaji aliyeburudika baada ya kukifunga, aghalabu huachwa kando. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo la pili kwa kuzitazama riwaya za ajabu, yaani zile ambazo ndani yake mambo yasiyowezekana katika maisha ya kawaida hutukia na kupokewa kuwa kweli: nchi huelea angani, ndugu hugeuka manyani, na wafu huamka wakazungumza na wajukuu wao. Hoja itakayotetewa ni kwamba msomaji wa riwaya hizi hakipati kitabu kizuri kinachofuata kwa kulifuata jina la mwandishi peke yake, wala kwa kuifuata orodha ya vitabu vya mtihani, bali kwa kuitambua aina ya ajabu iliyompendeza.

Mwanda, katika milima ya Taita, umechukuliwa kuwa mfano kwa sababu huko uteuzi wa kitabu si jambo dogo. Mkazi wa mjini akinunua kitabu kisichomridhisha, anaweza kurudi dukani kesho yake. Anayeishi Mwanda hana budi kuteremka mpaka Voi, na nauli ya kwenda na kurudi huihesabu pamoja na bei ya kitabu. Akipanda mlima na kitabu kimoja, kisha kitabu hicho kikamchosha, huenda asitafute kingine. Hivyo uteuzi mbaya unaweza kumpoteza msomaji kabisa.

Ajabu kabla ya kitabu

Ni kosa kudhani kwamba msomaji wa Mwanda hukutana na mambo ya ajabu kwa mara ya kwanza katika kitabu. Kidawida, ambacho lahaja yake mojawapo ni ya Mwanda, kina hazina yake ya ngano. Mazingira yenyewe nayo yamejaa kumbukumbu. Misitu midogo iitwayo fighi ilihifadhiwa kwa miiko, ikaaminiwa kuwa kinga ya jamii. Mafuvu ya wazee waliofariki yalifukuliwa baada ya muda, yakawekwa katika mapango ya miamba, na wazao waliyaendea kutambika walipofikwa na shida. Kwa hiyo wazo kwamba aliyekufa bado ana neno la kuwaambia walio hai halikuwa geni.

Mapokeo hayo yalisikilizwa kwa hiari. Shuleni mambo hubadilika. Mwanafunzi wa sekondari huikuta riwaya ya Kiswahili kwanza katika umbo la kitabu teule, na katika miaka ya karibuni riwaya teule nchini Kenya zimeelemea kwenye masuala ya uongozi, ardhi, familia na ufisadi. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi ni mifano iliyofuatana. Kazi hizi zina sifa zake na hazistahili kubezwa. Lakini mwanafunzi anayezisoma ili ajibu maswali ya maudhui na mbinu za uandishi anaweza kumaliza Kidato cha Nne akiamini kwamba riwaya ya Kiswahili ni ya namna hiyo tu. Matokeo yake ni kwamba mwenye kiu ya ajabu huitafuta katika lugha nyingine, au huacha kusoma.

Koo tatu za ajabu

Riwaya za ajabu za Kiswahili zinaweza kupangwa katika koo tatu, kwa kuzingatia raha anayoipata msomaji.

Ukoo wa kwanza ni wa ajabu ya hekaya. Mfano wake bora ni Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert. Humo mna majini, husuda ya ndugu na adhabu isiyo ya kawaida, na msomaji huvutwa na hamu ya kujua kwa nini Adili huwapiga manyani wawili kila usiku, na huku akiwalilia. Anayeipenda raha hiyo asiende moja kwa moja kwenye kila kitabu cha Shaaban Robert. Aende kwanza kwenye chimbuko lake, yaani Alfu Lela Ulela, ambayo visa vyake vimesomwa kwa Kiswahili tangu wakati wa ukoloni. Akitaka kuvuka mipaka, atawakuta ndugu wa mbali katika Afrika Magharibi: D. O. Fagunwa aliyetoa riwaya ya kwanza ya Kiyoruba ya namna hii mwaka 1938, na Amos Tutuola aliyemfuata kwa Kiingereza mwaka 1952, mwaka ule ule wa Adili.

Ukoo wa pili ni wa ajabu ya nchi ya kubuni. Raha yake ni kuingia katika nchi yenye sheria zake na kuilinganisha na nchi ya msomaji. Kusadikika (1951) ni nchi ya angani, ambamo Karama, akiwa kizimbani, anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Kufikirika, iliyochapishwa mwaka 1967 baada ya mwandishi kufariki, ni jirani yake wa karibu. Baada ya hizo, hatua nzuri ni Walenisi (1995) ya Katama Mkangi. Humo Dzombo, aliyehukumiwa kifo, hurushwa katika chombo cha angani na kufika katika sayari ambayo jina lake, likitamkwa polepole, ni "wale ni sisi". Msomaji mdogo anaweza kuanzia kwa Alisi, aliyefika katika Kiswahili mwaka 1940 na kutafsiriwa upya na Ida Hadjivayanis mwaka 2015.

Ukoo wa tatu ni wa ajabu ya mafumbo. Hapa msomaji hapewi ramani. Hutangatanga pamoja na mhusika. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi ndizo nguzo zake. Baadaye zilifuata Ziraili na Zirani (1999) ya William Mkufya, Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed na Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wamitila. Wahakiki huzieleza kwa istilahi kama riwaya ya majaribio na uhalisia mazingaombwe. Istilahi hizo zina kazi yake darasani, ila humtisha anayetafuta burudani. Kwa msomaji wa Mwanda, mlango wa kuingilia uko wazi zaidi kuliko istilahi zinavyodokeza. Babu anayefufuka ili kumsuta mjukuu wake, mtu mkubwa serikalini, ni kisa ambacho mzao wa watu walioyaendea mapango ya wazee anaweza kukielewa kabla ya kufafanuliwa na mhakiki.

Hatari ya kufuata jina

Desturi ya kumfuata mwandishi mmoja ina manufaa, lakini peke yake hupotosha. Aliyeipenda Utengano (1980) kwa picha yake ya unyumba na mji, akainunua Babu Alipofufuka kwa kuwa jina juu ya jalada ni lile lile, atashangaa. Vivyo hivyo, kati ya Rosa Mistika (1971) na Nagona kuna umbali mkubwa, ingawa zote ni za Kezilahabi. Msomaji aliyepotezwa namna hii huilaumu lugha, au hujilaumu mwenyewe kwa kutoelewa, ilhali kosa limo katika uteuzi.

Kwa hiyo inafaa msomaji ajiulize maswali matatu kabla ya kuteremka mlima. Je, kilichompendeza kilikuwa kisa, nchi au fumbo? Je, kitabu hicho kilizaliwa na kitabu gani kilichokitangulia? Na je, kurasa mbili za mwanzo za kitabu kipya, zikisomwa dukani kwa sauti ya chini, zinamvuta kuendelea?

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiswahili hakina upungufu wa riwaya za ajabu. Kilichopungua ni njia za kumtoa msomaji kitabu kimoja na kumfikisha kingine. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Mwalimu anaweza kutenga rafu moja katika maktaba ya shule, nje ya vitabu vya mtihani, akaipanga kwa koo badala ya majina ya waandishi. Ndani ya jalada la kila kitabu akaweka karatasi ambayo kila aliyekisoma ataandika jina la kitabu kimoja cha kusomwa baadaye, na sababu yake kwa sentensi moja. Baada ya mihula michache, wanafunzi wenyewe watakuwa wamechora ramani ya kuwaongoza wenzao, na atakayeteremka Voi kununua kitabu ataondoka nyumbani akijua anachokitafuta.