Hoja Ikiwekwa Mezani, Ni Meza Ipi?

Wiki hii tuutazame usemi mmoja wa Kiingereza unaowagonganisha hata wenye lugha yao: "to table a motion", yaani kuiweka hoja mezani.

Mwingereza asemapo hivyo ana maana kwamba hoja imeletwa mbele ya kikao ili ijadiliwe. Sisi tuliurithi kwa maana hiyohiyo. Katika Bunge la Tanzania husikika "hati za kuwasilishwa mezani", wala hakuna adhaniye kwamba zimetupwa. Mmarekani, kwa maneno yaleyale, husema kinyume: hoja imewekwa kando. Na katika Seneti yao jambo hilo si dogo. Pendekezo la kuiweka hoja mezani halijadiliwi, hupigiwa kura papo hapo, na likishinda kwa wingi wa kawaida, hoja imekwisha.

Winston Churchill, katika kitabu cha tatu cha kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili, kilichotoka mwaka 1950, ameeleza jinsi maofisa wa nchi hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, juu ya waraka fulani. Waingereza walitaka uwekwe mezani kwa sababu ulikuwa wa haraka. Wamarekani wakakataa katakata, kwa sababu nao waliuona ni wa haraka!

Mimi nami yamenikuta. Usiku mmoja nilitafsiri habari ya Washington kuhusu fedha za misaada, nikaandika kwamba pendekezo limewasilishwa. Likasomwa hewani. Asubuhi mzee mmoja, msikilizaji wa idhaa nyingi, akapiga simu: "Mwanangu, mbona mmemfufua maiti ambaye wenzenu wamekwisha kumzika?" Kuna waliolala wakitumaini fedha ambazo hazikuwapo.

Kwa vijana mnaotafsiri habari: msitazame tu ilikotoka, kwani habari ya Washington huweza kuandikwa upya London. Tazameni kama imetajwa hesabu ya kura. Kuleta hoja kwa desturi ya Kiingereza hakuhitaji kura. Kuizika kwa desturi ya Kimarekani mara nyingi huhitaji. Shaka ikibaki, ulizeni, kisha liacheni neno meza kabisa. Andikeni "imeletwa ijadiliwe" au "imekataliwa bila mjadala". Ndivyo nifanyavyo tangu siku ile, ingawa mhariri wangu hunung'unika kwamba sentensi imerefuka.