Je, Wajua? Tupa Hukata Inaposukumwa Mbele Tu

Tupa, yaani kipande cha chuma kigumu chenye meno madogo ya kunolea na kusawazishia, hukata inaposukumwa mbele, kwa kuwa meno yake huelekea kwenye ncha. Hivyo fundi anayeirudisha nyuma bila kuiinua huyafanya butu mapema. Katika karakana za Boko na Keko jijini Dar es Salaam, msumeno wa mkono hunolewa kwa tupa ya pembetatu, panga na jembe kwa tupa bapa, ilhali mbao ya mninga hupunguzwa kwa tupa ya mbao, ambayo meno yake husimama moja moja badala ya kuunda mistari. Mkia, yaani sehemu nyembamba isiyo na meno iliyo upande wa pili wa ncha, hutiwa mpini ili usimchome fundi kiganjani. Chaki ikipakwa kwenye meno huzuia unga wa alumini usigande, na unga ulionasa huondolewa kwa brashi ya waya inayofuata mistari. Tupa zisirundikwe pamoja, kwani meno yake humeguka zikigongana, na kwa kuwa hewa ya pwani ina chumvi iletayo kutu, kila moja ifungwe kwa kitambaa kikavu.