Masta kwa Magunia

Mashine ya kutoa kopi haioni vizuri penseli hafifu. Hilo nililijua zamani, ila sikuwahi kulijali mpaka nilipofika Kerenge, mkoani Tanga, kwenye steshenari moja yenye feni isiyozunguka. Binti wa dukani alimrudishia mteja wa mbele yangu karatasi yake, akasema, "Mwalimu, safu hii imetoka nyeupe."

Mimi nilikuwa nimekwenda kwa habari ya barabara, na pale nilikuwa nasubiri zamu nitoe nakala ya barua. Nikachungulia. Kazi ya uandishi wa habari humfanya mtu kuwa mchunguliaji. Ilikuwa kaunta buku ya kwaya mbili, ukurasa umepigwa mistari kwa rula. Safu ya kwanza majina ya vyuo. Ya pili ada, kwa wino wa buluu. Ya tatu ilikuwa na herufi moja tu juu, G, na chini yake tarakimu za penseli zilizofutwa, zikaandikwa, zikafutwa tena, hata karatasi imeanza kuota manyoya.

"G ni gunia," akasema mwenye daftari, bila kuulizwa.

Ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Jina lake ameomba nilihifadhi, kwa sababu mkuu wake wa shule bado hajui kwamba anatafuta masta. Anaandika hadithi usiku, na anachotaka kusomea ni kuandika. Kopi alikuwa anamtolea mwalimu mwenzake wa Handeni mwenye ugonjwa huo huo.

"Mshahara siuhesabu," alisema tulipokaa kwenye benchi la nje. "Mshahara una wenyewe kabla haujafika. Kitu ninachoweza kuuza nikalipa ada ni mahindi. Kwa hiyo nikiiona ada naigeuza mahindi, ndipo naielewa."

Akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Chuo hiki, Machi, gunia la kilo 100 likiwa laki moja, kilikuwa magunia 43. Agosti kila mtu kavuna, gunia elfu sabini. Chuo kile kile, ada ile ile, magunia 61. Chuo hakijaongeza hata senti, kaka. Masta yangu imepanda bei kwa sababu mvua ilinyesha vizuri."

Nimeandika habari za ada mara nyingi. Sikumbuki kama niliwahi kumuuliza mtu analipa kwa kitu gani.

"Utaniambia niyaweke ghalani mpaka Machi," akaendelea. "Mwaka wa masomo unaanza Oktoba, Novemba, na ada ya kwanza inatakiwa hapo. Halafu kuna dumuzi. Dumuzi hasubiri udahili."

Safu ya nne ameiita Siku, na hii ndiyo iliyonifanya nisahau barua yangu. Kila anapokutana na mtu aliyemaliza uzamili humuuliza swali moja: sura ya kwanza ya tasnifu yako ilirudi kwako baada ya siku ngapi? Majibu ameyaandika. 12. 40. 95. Mstari mmoja hauna tarakimu, una neno: haikurudi. Hakutaka niandike ni chuo gani, na sitaandika.

"Huo ndio ubora," alisema. "Majengo siyatazami. Mimi nina watoto 70 darasani, kila insha naipitia kwa kalamu nyekundu, najua mtoto anajifunzia wapi. Anajifunzia pale nilipomkata. Na mimi nataka mtu anayejua kuandika anisomee kurasa kumi, aniambie hapa umelala. Mtu mmoja tu. Ndiyo masta hiyo."

Shida ni kwamba vyuo vyote vya ndani alivyoviorodhesha vinampa uzamili wa Kiswahili au wa fasihi, ambao tasnifu yake huchambua kazi ya mtu mwingine. "Nataka kupiga ngoma, naambiwa nitapewa cheti cha kuisikiliza."

Nikamtajia Kezilahabi. Alikuwa ameshatoa riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971, na bado akaja kufanya uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaumaliza 1976 kwa tasnifu kuhusu riwaya za Shaaban Robert. Mwalimu akacheka. "Na Shaaban Robert mwenyewe?" Mtu wa Machui, mkoa huu huu wa Tanga, alisoma Msimbazi kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akawa karani wa serikali. Chuo kikuu hakukanyaga. "Mmoja ana masta juu ya asiye na masta. Sasa mimi nimfuate nani?" Sikuwa na jibu, na nadhani hakulitarajia.

Nje ya nchi kuna njia. Baadhi ya vyuo vya Marekani humsamehe ada mwanafunzi wa uandishi na kumpa posho ili afundishe. Warsha ya waandishi ya Iowa, mama wa mafunzo haya, ilianza 1936. Mwalimu anaijua, na linalomuuma ni jingine: chuo hicho hicho kina uzamili wa uandishi kwa Kihispania. "Kihispania wamekiona. Sisi tunaandika kwa lugha gani, ya majini?" Vyuo vya mtandaoni vya bei chee amevikata kwa rula baada ya kushindwa kujua kama Tume ya Vyuo Vikuu itavitambua.

Kilichobaki juu ya orodha ni Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya 1992, chenye kituo Tanga mjini. Atasoma bila kuacha darasa. GPA yake 2.9, wanaanzia 2.7. Anapenya.

Mstari wa mwisho wa ukurasa si chuo. Ameandika Tuzo ya Nyerere ya uandishi bunifu, mshindi wa kwanza milioni 10, G 100 kwa bei ya Machi. "Hii wananilipa mimi," alisema. "Lakini nani atanikata kwanza, ndipo nishinde?"

Nikamuuliza shamba ni la nani.

"La mama watoto. Eka tatu, alipewa na baba yake. Mwaka mzuri linatoa magunia 30."

Nikapiga hesabu kimya kimya, 61 kwa 30: miaka miwili na ushee, bila kula. "Na yeye anausemaje ukurasa huu?"

"Anaujua. Yeye ndiye anayeniletea bei kutoka gulioni." Akafunga daftari. Swali langu halikuwa hilo, ila nililiacha.

Binti akatoka na kalamu mkononi. "Mwalimu, pitishia wino juu ya penseli, nikutolee nyingine. Ile mbovu sikuchaji."

Akaipokea, akafungua kifuniko, akafungua na ukurasa. Akautazama kidogo, kisha akamrudishia kalamu.

"Gulio ni keshokutwa," alisema. "Nitarudi."