Saratani: Dalili za kutuliza nyumbani na za kukimbilia hospitalini

Na MWANDISHI WETU

MKAZI wa Kahawa Sukari aliyepatikana na saratani anaweza kutibiwa karibu na kwake, katika Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta (KUTRRH), iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka wa 2019. Lakini mara nyingi anayetiwa dawa za kemotherapi hukaa hospitalini kwa saa chache tu, kisha hurejea nyumbani. Kwa wiki mbili au tatu hadi awamu ifuatayo, yeye na jamaa zake ndio wauguzi.

Jambo la kwanza wanalopaswa kujua ni homa. Dawa hizo hushambulia seli za saratani, lakini pia hupunguza seli nyeupe za damu ambazo ni ngao ya mwili. Kwa dawa nyingi, upungufu huo huwa mkubwa zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14. Katika kipindi hicho, maambukizi madogo yanaweza kuua kwa saa chache.

Ndiyo maana kila mgonjwa anahitaji kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38, asidhani ni malaria au mafua ya kawaida, wala asimeze paracetamol na kulala. Dawa hiyo hushusha joto na kuficha hatari huku maambukizi yakiendelea. Aende hospitalini mara moja, hata usiku wa manane, na aeleze kwamba yuko kwenye kemotherapi. Ni busara familia ipange mapema atakavyosafirishwa.

Kutokwa na damu kusikokoma, kupumua kwa shida, au kutapika hata maji pia ni dharura.

Dalili nyingine hutulizwa nyumbani. Dawa za kuzuia kichefuchefu zimezwe kwa saa zilizoagizwa, bila kusubiri kutapika kuanze. Chakula kidogo kidogo, kama uji uliopoa, huvumilika kuliko sahani iliyojaa. Vidonda vya mdomoni hupata nafuu kwa kusukutua mara kadhaa kwa siku, nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya maji vuguvugu. Uchovu nao haumalizwi na kulala kutwa. Matembezi mafupi husaidia.

Anayetumia mofini kutuliza maumivu aulize pia dawa ya kulainisha choo, kwani mofini huyafunga matumbo. Asitumie mitishamba bila kumjulisha daktari, kwa sababu baadhi yake huvuruga utendaji wa dawa.

Kila dalili iandikwe daftarini: siku, saa na ukali wake kuanzia 0 hadi 10. Utafiti wa Dkt Ethan Basch na wenzake uliohusisha wagonjwa 766 jijini New York, na matokeo yake kutangazwa mwaka wa 2017, ulionyesha umuhimu wa kuripoti. Walioripoti dalili zao mara kwa mara kwa kompyuta, na wauguzi wakaarifiwa zilipozidi, waliishi takriban miezi mitano zaidi ya wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Wagonjwa wengi hunyamaza wakihofia kuonekana walalamishi, au wakidhani kwamba mateso ni sehemu ya tiba. Wahenga walionya kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Daktari hawezi kurekebisha dawa kwa kero asiyoambiwa.